Chuo cha uandishi wa habari chenye ada nafuu, niliyoyaona nikimtafutia mdogo wangu

Matokeo ya fomu foo yalipotoka mdogo wangu alikuwa na C mbili, Kiswahili na Uraia, halafu D nne. Akanipigia jioni hiyo hiyo, dada mimi nataka kuwa mtangazaji, nitafutie chuo, ila mama kasema hela iliyopo ni ya mahindi tu. Hela ya mahindi maana yake ni magunia yaliyobaki ndani, na mimi mwenyewe nipo redio ya mkoani, mishahara yetu mnaijua, kwa hiyo ilibidi nitafute kwelikweli maana hatukuwa na hela ya kukosea.

Nimeamua kuandika kwa sababu watu wengi inbox wananiuliza chuo gani bei rahisi, na mimi kila nikijibu naona swali lenyewe limeanzia pabaya.

Anza na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya ngazi ya cheti na diploma. Kila mwaka wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, unapakua bure kwenye tovuti yao, kina vyuo vyote vilivyosajiliwa, kozi, sifa za kujiunga na ada. Yaani unakaa nyumbani na kalamu unalinganisha ada za Dar, Arusha, Morogoro, Mwanza bila kumpigia ajenti yeyote. Na usiangalie jina la chuo peke yake, tafuta na kozi yenyewe ya uandishi wa habari imo au haimo, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa vizuri tu kwa kozi nyingine kabisa.

Halafu kuna hili la cheti, hapa naomba mnisikilize vizuri. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zinataka mwandishi awe na diploma kuanzia, chini ya hapo ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi, hupati. Pale kazini nina mwenzangu ana sauti nzuri, anajua kazi, miaka kibao yuko hewani, lakini ana cheti tu na imebidi arudi darasani na familia inamtegemea. Sasa mtu akikuambia kuna kozi ya miezi 6 kwa laki tatu ukitoka hapo unatangaza, hiyo laki tatu utaitoa tena huko mbele pamoja na nyingine nyingi. Fomu foo mwenye D nne ambazo sio za masomo ya dini anaanza levo 4 ambayo ni cheti cha awali, kisha 5, kisha 6 ndio diploma, miaka mitatu. Fomu siksi mwenye prinsipo moja na sabsidiari anaanza levo 5 anasoma miwili. Kwa hiyo ile ada unayoiona kwenye kitabu zidisha mara tatu ndio uulizane na mzee nyumbani kama mnaiweza.

Mkopo msiutegemee sana kwa ngazi hii. Bodi ya mikopo ilipoanza kukopesha wa diploma mwaka 2023/24 ilipeleka hela kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu na usafirishaji, uandishi haukuwemo. Ila kama mtoto wako kafaulu fomu siksi vizuri mpeleke moja kwa moja shahada, huko anaweza kuomba mkopo. Pale Mikocheni kuna shule ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyoanza 1975 kama chuo cha uandishi cha serikali ikaingia chini ya UDSM 2003, na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Nyegezi Mwanza nayo ni jina la siku nyingi kwenye fani hii. Na aliyepitia diploma akitoka na GPA ya 3.0 kwenda juu bado mlango wa shahada uko wazi, kwa hiyo kuanzia chini sio mwisho wa dunia.

Sasa ubora. Mimi nilisoma chuo ambacho kamera nimeishika mara mbili tu, studio ilikuwa inafunguliwa wakija wageni, nikafika fildi naambiwa niediti taarifa ya saa saba mchana nikashindwa hata kufungua programu, nililia chooni siku ile. Sikutaka hilo limkute mdogo wangu. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe.

Chuo cha kwanza kiko ghorofani, mapokezi mazuri, kiyoyozi, brosha yenye picha za watangazaji wakubwa. Nikaomba kuona studio. Wakatafuta funguo kama dakika 20, kufungua nakuta mixa imefunikwa kitenge na kitenge kina vumbi. Nikamuuliza kijana wa mwaka wa pili stori yako ya mwisho kurekodi ilihusu nini, akaniangalia tu.

Cha pili kiko nje kidogo ya mji, unashuka daladala unatembea, majengo ya kawaida, ukuta wa studio wamebandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Kamera tatu tu kwa chuo kizima. Lakini mezani kuna daftari la kuazimia, kava limeshachanika, nikaomba kulifunua. Jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, sahihi. Jumamosi moja peke yake ilikuwa na majina tisa, wengine wamechukua saa kumi na mbili asubuhi. Pale pale nilijua mtoto anakuja hapa.

Ada yake ilikuwa juu kidogo kuliko ya kile cha ghorofani, ila kile ukijumlisha michango, mtihani, sare, kitambulisho, na chumba cha kupanga mjini kinazidi mbali. Omba karatasi ya malipo yote ya mwaka kabla hujalipa hata fomu, na uliza wanapokea kwa awamu ngapi. Hawa walikubali awamu nne, mama analipa kila akiuza.

Na uliza fildi wanapelekwa wapi. Redio za jamii kama za Sengerema au Pangani mwanafunzi anafanya kazi kweli, watu ni wachache kwa hiyo wiki ya kwanza tu unatumwa kijijini na rekoda.

Juzi kanitumia klipu ya dakika mbili WhatsApp, wamama wa dagaa sokoni wanalalamikia ushuru, maswali mazuri lakini upepo umeingia kwenye maiki sauti zote zinakwaruza. Nikampigia nikamwambia rudi ukarekodi tena, geuza mgongo wako upepo unakotoka. Akasema sawa dada, kamera nimeshaiandikisha ya Jumamosi, mimi ni wa pili kwenye daftari.