Daftari la Vipimo

Ilikuwa mwezi 15 Ramadhani, mwaka 2019, siku ya Jumanne, alasiri. Nilikuwa natia mikono kwenye kanzu ya tetroni nyeupe pepe nikahisi unyevu. Nikamwambia binti niliyekuwa namfundisha kushona, "Shika hapa, nakuja," nikapita uani kwenda chooni. Kulikuwa na doa. Halikuwa kubwa, sarafu ya shilingi 200 ingelifunika. Rangi yake kama hina iliyokolea.

Nilisimama mle chooni nikaitazama miguu yangu. Tangu saa mbili asubuhi miguu ile ilikuwa inakanyaga cherehani. Kwa fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, nusu ya pili ya Ramadhani si mchezo. Kila mtu anataka nguo ya Idi, na kila mtu anataka ya kwake iishe kwanza. Nilikuwa nimepokea madera, magauni ya watoto, kanzu za baba na wanawe wa kitambaa kimoja, na pesa za utangulizi nilishazila. Kwa hiyo sikufikiri "nina damu". Nilifikiri, "nimeikanyaga mimba yangu."

Mimba ilikuwa na wiki 6. Waliojua tulikuwa wawili, mimi na mume wangu, na mume wangu alikuwa njiani na lori. Kwetu mimba changa haitangazwi. Unanyamaza mpaka miezi mitatu ipite, ndipo labda mama anaambiwa, naye anajifanya ameshangaa ilhali alishakutazama shingo akajua.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kunyamaza. Mwaka 2017 nilipata mimba nikaitangaza mapema kwa furaha, na ilipofika wiki 9 ikatoka. Ilianza hivihivi, kwa doa. Damu ile niliisahau mapema kuliko maneno ya watu. Mmoja alisema ni ndoo ya maji niliyobeba. Mwingine akasema nilipanda baiskeli. (Nani hapandi baiskeli Tanga?) Kila aliyekuja kunipa pole alikuja na kosa langu mkononi. Safari hii nilijiapiza nitanyamaza.

Nilirudi ofisini, nikamaliza ile kanzu kwa mkono, sindano na uzi, cherehani limesimama pembeni kama mtu aliyegombezwa. Binti akaniuliza, "Dada, cherehani limeharibika?" Nikamwambia limekatika mkanda.

Usiku ule sikulala. Niliamka kutazama, nikarudi kitandani, nikaamka tena. Baadaye nilihesabu kwamba kati ya alasiri na alfajiri niliingia chooni mara 17. Mara nyingi sikuona kitu. Unadhani ukikuta hakuna kitu roho itatulia, kumbe inakupa nafasi tu ya kuogopa utakachokikuta safari ijayo.

Asubuhi nilikwenda zahanati. Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani ameishusha puani, mkononi kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani isiibiwe. Akapima mkojo, akapima presha, akaniuliza grupu langu la damu. Nilikuwa nalijua tangu ile ya kwanza: O chanya. Akasema vizuri, kwa sababu wenye grupu hasi wakiona damu wana sindano yao inayofikiriwa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza 2017.

"Rangi gani?"

Hapo nikajikuta naongea kifundi. Nikamwambia jana ilikuwa hina iliyokolea, usiku ikawa kama kahawa iliyomwagika kwenye kitambaa cheupe ikafuliwa mara moja, na asubuhi ile ilikuwa kahawia hafifu, rangi ya bitana. Nesi akashusha kalamu. "Hebu nyie mngekuwa mnakuja wote mnaeleza hivyo," akasema. Akanifafanulia kwamba damu ya kahawia ni damu iliyokaa, imechelewa njiani. Nyekundu mbichi ni ya wakati huohuo. Kahawia haimaanishi usalama, wala nyekundu haimaanishi msiba, lakini ni habari mbili tofauti, na yeye anataka kujua ni ipi.

Akanitajia mambo ambayo nikiyaona nisingoje kuche: pedi ikilowa chepe ndani ya saa moja, maumivu makali ya tumbo hasa yaliyong'ang'ania upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, homa. Bega lilinishangaza. Akasema mimba ikitunga nje ya kizazi na kupasuka, damu inayomwagikia tumboni inaweza kuleta maumivu begani, na wanawake wengine hufikiri wamelalia mkono vibaya.

Nikamuuliza lile lililonileta. "Nesi, ni cherehani?"

"Si cherehani."

"Na ndoo?"

"Ndoo gani?"

Nikamweleza ya 2017. Alivua miwani kabisa. Akaniambia mimba zinazotoka changa, nyingi ni kwamba chembe zenyewe hazikupangika sawasawa tangu siku ya kwanza, hata ungekaa kwenye pamba ingetoka. Wala kulala chali wiki nzima hakujaonekana kuizuia mimba inayotaka kutoka. Akasema katika kila wanawake wanne wenye mimba, kama mmoja hivi huona damu miezi ya mwanzo, na zaidi ya nusu ya hao hufika wakazaa. "Mwaka huo hukumwua mtu, dada," akasema, akavaa miwani, akaita mwingine. Nilikaa kwenye benchi la nje kwa muda kabla sijaweza kusimama.

Lile la kukanyaga, nikiri, sikumwamini siku ile. Kichwa kilikubali, miguu ikakataa.

Alikuwa ameniandikia altrasaundi. Daktari alitumia kipimo cha ndani, kwa sababu mimba changa hivyo kwa juu ya tumbo haionekani vizuri. Akakaa kimya muda ambao mimi niliuona mrefu, kisha akasema, "Mfuko upo, na uko ndani ya kizazi, mahali pake." Nikashukuru, nikijua bega langu limepona. "Mtoto mwenyewe na mapigo ya moyo sijaviona. Kwa wiki 6 inaweza kuwa mapema tu. Rudi baada ya siku 10."

Karatasi aliyonipa ilikuwa na maneno ya Kiingereza. Mawili yalikuwa juu kabisa, na la pili nililijua tangu shule: kutoa mimba. Mwili ulinifa ganzi. Nilidhani wameniandika kwamba nimejaribu kuitoa. Nilirudi mbio kwa yule nesi karatasi ikitetemeka, naye akacheka kwa huruma. Ati ndivyo madaktari wanavyoandika mimba yoyote inayotishia kutoka, wala hawamaanishi mtu amefanya kitu. Ni lugha yao. Mpaka leo naona lugha ile ingeweza kutafutiwa neno jingine.

Siku 10 basi.

Nesi alikuwa amenikataza kufunga, ninywe maji, nile. Dini inaruhusu: mjamzito anayeogopea nafsi yake au mtoto anafungua, atalipa baadaye. Taabu haikuwa dini. Taabu ni kwamba mwanamke asiyefunga siku tano, sita, saba, hakuna anayeuliza, kila mtu anajua. Ya nane inaanza maswali. Nikawa nakula ndizi na mkate nyuma ya pazia la kujaribia nguo, natafuna polepole kama mwizi, upande wa pili wateja wanagombania zamu zao.

Siku tatu za mwanzo nililala. Niliwaambia wateja nina malaria. Kulala kulikuwa kubaya kuliko kushona. Kitandani hakuna kazi ila kusikiliza tumbo, na tumbo ukilisikiliza halinyamazi: hapa limevuta, hapa limechoma, hapa ni gesi tu. Nilifika mpaka duka la dawa kutafuta vidonge vya kushikilia mimba, kijana akawa tayari kuniuzia bila kuniuliza hata wiki ngapi. Ilikuwa ni ule wepesi wake ulionitisha. Nikaviacha kwenye kaunta.

Siku ya nne nilirudi ofisini, nikamweka binti kwenye cherehani, mimi nikashika vifungo na pindo. Nikafanya jambo jingine. Nilichukua daftari la vipimo, lile la kuandika kifua na kiuno na mabega ya watu, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaandika tarehe. Halafu nikaweka sheria: nitatazama adhana ikitoka, basi. Mara tano. Katikati ya adhana na adhana hakuna ruhusa. Adhuhuri nilitazama nikaandika, "Kahawia, tone." Alasiri, "Hakuna." Magharibi, "Hakuna." Isha, "Pinki, kidogo, baada ya kuchuchumaa kufua."

Siwezi kusema hofu ilikwisha. Ila awali ilikuwa imetapakaa siku nzima kama uzi ulioponyoka kwenye kibonge, na sasa ilikuwa na mahali pa kuanzia na pa kuishia. Saa nane mchana mkono ukinivuta kwenda uani, najiambia bado, alasiri haijaadhiniwa. Wakati mwingine nilitii, wakati mwingine sikutii. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu giza halionyeshi rangi. Nilikuwa natoka na tochi ya simu.

Mama mkwe tulikuwa tunafuturu pamoja kwake, nyumba ya tatu. Ilikuwa siku ya nane tangu nifungue. Nilikuwa nakata mihogo, akasema bila kunitazama, "Siku zako mwaka huu ndefu, mwanangu."

Nikajua amehesabu. Kisu nikakiweka chini. Nilimwambia yote, kuanzia doa mpaka mfuko, mpaka zile ndizi za nyuma ya pazia. Nilimaliza nikiwa nalia juu ya sahani ya mihogo. Yeye akaendelea kukuna nazi. Kisha akasema, "Huyo mumeo niliona damu mpaka mwezi wa nne."

"Mume wangu?"

"Huyohuyo. Nilikuwa natia vitambaa vyeusi ili mama yangu asione kitu kwenye kamba ya nguo."

Wallahi nilikasirika kabla sijafurahi. Niliishi na mwanamke huyu nyumba ya tatu tu, mwaka 2017 alikuja kunipa pole, akakaa mkekani akasikiliza habari za ndoo na baiskeli, naye ana mtoto wa futi sita aliyepita njia ileile. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akakung'uta mbuzi ya nazi. "Na wewe ungeniambia, kama nisingehesabu siku zako?"

Sikuwa na jibu. Tangu jioni ile alianza kunipelekea uji mchana ofisini kwenye kopo la rangi lililooshwa, amelifunika kwa kanga, na mtu akiuliza anasema ni gundi ya nguo.

Tarehe 1 Juni, Jumamosi, nilirudi kwa altrasaundi, na mama mkwe alinisindikiza. Kama mnakumbuka, hiyo ndiyo siku iliyoanza marufuku ya mifuko ya plastiki nchi nzima. Mji ulikuwa hauna habari nyingine. Kwenye bajaji, mifuko. Mapokezi, mama mmoja analalamika atabebea wapi samaki, mifuko. Mimi nimekaa nimebana mikono magotini, nami pia sina nifikiriacho zaidi ya mfuko. Mama mkwe alinigusa bega akaninong'oneza, "Leo wote tumeshikwa na jambo moja," na tukacheka vibaya, kicheko cha kubana na mtandio, mpaka mhudumu akatugeukia.

Ndani sikuangalia skrini. Niliangalia dari, palikuwa na alama ya mvua iliyovuja, kahawia, nami nikaanza kuipima rangi. Daktari akasema, "Tazama huku." Kulikuwa na kitu kama punje ya maharage, na katikati yake kitu kinapepesa, haraka, haraka, kuliko nilivyowahi kukanyaga. Akasema kwa kuwa moyo umeonekana matumaini yamekuwa makubwa zaidi, lakini damu inaweza kuendelea kidogo, nisishtuke wala nisidharau. Mama mkwe alimwuliza kama inaweza kuendelea mpaka mwezi wa nne. Daktari akasema yawezekana. Mama mkwe akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mume wangu nilimpata kwenye simu akiwa Segera, amesimama kula daku ya mchana, maana msafiri hakufunga. Nikamwambia unapiga. Mtandao ukakata. Akapiga tena kuuliza nani amepigwa.

Usiku ule ulikuwa wa mwezi 27, misikiti imejaa, na mimi nilikuwa ofisini na taa, nguo bado nyingi na Idi ni siku nne tu mbele. Nilimwambia binti apumzike, nikakaa kwenye cherehani. Nilikanyaga polepole mwanzoni, mshono mmoja, nikasimama. Mwingine. Isha nilikuwa nimekwenda kutazama kwa sheria yangu.

Daftari ninalo mpaka leo, kalamu imefifia kidogo. Mstari wa siku ile unasema, "1/6, Isha: kahawia, tone." Chini yake, kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa na mteja aligonga dirisha, nimeandika, "Kifua 38, kiuno 34, mikono mirefu, anataka Jumanne."