Nilivyokibandika upya kioo cha ndani cha gari

Kile kioo cha kutazamia nyuma kilidondoka mchana wa kaskazi, gari imeegeshwa juani Wete. Mwenye gari wa kabla yangu alikibandika kwa supaglu. Supaglu hushika upesi, lakini ikishakauka huwa ngumu kama kigae. Joto la kioo cha mbele na mtikisiko wa barabara huiachisha. Ami yangu akaniambia, "Mwanangu, tia gundi ya viatu upumzike." Nikamjibu, "Ami, hiyo jua litailainisha."

Nikatafuta gundi maalumu ya kazi hii, inayouzwa pamoja na dawa yake ya kupaka kwanza. Bila ya dawa hiyo gundi haishiki inavyotakiwa.

Kazi niliifanya asubuhi, chini ya mwembe, kioo cha mbele hakijapata moto. Nilibandika solotepu upande wake wa nje kuweka alama, maana ukishakwangua hupajui tena pahala pake. Halafu nikachukua wembe mpya, nikaulaza, nikakwangua gundi kuukuu mpaka kidole hakikwaruzwi na kitu. Kitako cha chuma, kile kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele kukishika kioo cha kutazamia, nikakipiga msasa laini. Kisha spiriti ya famasi na kitambaa cheupe, nikafuta na kurudia mpaka kitambaa kikawa hakichukui uchafu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkono uliopaka mafuta ya nazi ukigusa hapo mara moja tu, gundi haishiki, kwa hiyo baada ya kufuta sikupagusa tena kwa vidole.

Dawa niliipaka kwenye kioo cha mbele na kwenye kitako, nikaiacha ikauke. Gundi tone moja tu, katikati. Ikizidi inachuruzika bure. Upande mwembamba wa kitako nikauweka juu, kwa sababu kioo cha kutazamia huteremshwa kwenye kitako kutokea juu. Nikakandamiza kwa dole gumba dakika nzima bila ya kutikisa.

Pakiti inasema robo saa yatosha. Mimi nilingoja hadi kesho yake, na nawashauri wenzangu wangoje, kwani kila ukikirekebisha kioo kwa mkono unakipindapinda kitako. Tangu hapo gari imeshapita njia ya msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi, na kioo hakikulegea.

Na skrubu inayokifunga kioo cha kutazamia kwenye kitako ikazeni kwa kiasi. Ikizidi kukazwa huweza kukipasua kioo cha mbele, na hicho huku Pemba mpaka ukiagizie Unguja au Dar.