Jinsi nilivyoacha kuhesabu uhai wa kila goblini

Nilianza kusimamia michezo ya kuigiza wahusika mezani kwa toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014. Pambano langu la kwanza kubwa lilikuwa la wahusika wanne wa wachezaji dhidi ya goblini kumi na wawili pangoni, viumbe wadogo waovu ninaowachezesha mimi msimamizi. Goblini ana pointi 7 tu za uhai, lakini daftari langu lilijaa namba zilizokatwakatwa: wa tatu kabakiwa na 2, wa nane 5, wa kumi sina hakika kama ndiye aliyepigwa mshale au ni mwenzake. Zamu yangu ikifika, narusha dadu mara kumi na mbili. Tulimaliza baada ya saa mbili, na mchezaji mmoja alikuwa ameshalaza kichwa mezani. Iliniuma, maana pambano lile nilikuwa nimeliandaa wiki nzima.

Nikarudi kwenye kanuni za zamani. Toleo la nne, la 2008, lina maadui wenye pointi 1 ya uhai: ukimpata tu, kaanguka. Nikajaribu. Daftari likawa jeupe kweli, ila mchawi wa kiwango cha kwanza ana mishale mitatu ya uchawi isiyokosa kamwe. Akaitumia mara mbili, goblini sita chini, mwenye upanga hajamfikia hata mmoja. Halafu upanga mzito na kisu kidogo vikawa sawa, kwa kuwa pointi 1 ya dhara inatosha kuua. Hilo sikulipenda hata kidogo. Aliyechagua silaha nzito anastahili kuuona uzito wake.

Nilichokuja kukikubali ni mapigo mawili. Pigo la pointi 7 au zaidi linaua. Likipungua hapo, goblini amejeruhiwa: naigeuza sanamu yake iangalie ukutani, na pigo lolote linalofuata linammaliza. Siandiki namba yoyote. Anayerusha dadu ya nyuso nane na kuongeza 3 anahitaji 4 au zaidi ili aue papo hapo, hivyo mara nyingi anaua.

Kwa mashambulizi ya goblini wenyewe, mwongozo wa msimamizi wa 2014 una jedwali la makundi. Dhidi ya kinga ya 18, yaani jumla ambayo mshambuliaji lazima aifikie ili apige, goblini anayeongeza 4 anahitaji 14 kwenye dadu ya nyuso ishirini, na jedwali linasema kati ya watatu mmoja atapiga, bila kurusha chochote. Ni haraka, lakini meza ilipoa. Wachezaji walijua wataumizwa kiasi gani kabla sijafungua mdomo. Siku hizi nakusanya dadu nne za nyuso ishirini kiganjani, nazirusha kwa mkupuo, nahesabu zilizofika 14, na kila moja ni dhara la 5. Ule mlio wa dadu nne zikigonga meza pamoja unawafanya wote wainame kutazama.

Lakini kilichobadilisha kabisa mapambano yangu ni ari ya kupigana. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons za 1981 zinampa goblini ari ya 7. Akifa wa kwanza upande wao, na tena nusu yao ikishaanguka, msimamizi anarusha dadu mbili za nyuso sita. Jumla ikizidi 7, wanakimbia au wanajisalimisha. Kwa hesabu hiyo, kila jaribio lina nafasi 15 kati ya 36 ya kuwavunja moyo. Nashangaa kanuni hii iliwekwaje pembeni. Kiumbe mdogo aliyeona wenzake watano wakikatwa mbele yake, kwa nini abaki kusubiri zamu yake?

Mara ya kwanza kuitumia, goblini wa sita kati ya kumi na wawili alipoanguka nilipata 9. Wanne wakakimbilia gizani. Wa tano alikwama nyuma ya pipa, nikasema ametupa upanga na ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliyesalia alikuwa yule niliyemgeuza ukutani, amejeruhiwa, hawezi kukimbia. Meza ikanyamaza. Yule mchezaji aliyewahi kulala akanyanyua dadu yake, akaitazama, akairudisha chini, kisha akauliza, "Anaitwa nani?"