Bibi hakuwa mpole

Kila aliyesimama kumzungumzia Bibi siku ya mazishi alisema alikuwa mpole, mnyamavu, mama wa sala. La sala sina ubishi nalo. Hayo mengine nadhani walimchanganya na mtu mwingine, au pengine ndivyo tunavyowafanya marehemu: tunawalainisha ili wasiendelee kutusumbua. Nimekaa na hilo tangu tumzike na limekataa kunitoka, kwa hiyo naandika.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mkali, na ukali wake aliutoa ndani ya sala hiyohiyo wanayomsifia. Rozari ya nyumbani ilianza mara tu baada ya sala ya Malaika wa Bwana ya saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kila fumbo, yaani kila tukio la maisha ya Yesu na Maria linalotafakariwa katika rozari, alitaja nia, na hapo ndipo nyumba nzima ilipojua nani ana kesi. "Fumbo hili tumwombee mtu aliyeahidi kwenda kumwona ndugu yake mgonjwa, na mpaka leo hajaenda." Mjomba mkubwa anaangalia sakafu. "Na hili tuwaombee wanandoa wanaolala bila kusemeshana, wakidhani sisi wengine hatusikii." Hao walikuwa baba na mama. Baba ni mkwe, na mkwe kwa kawaida husitiriwa, lakini mbele ya Bibi hakusalimika. Sisi wajukuu tuliiogopa nia ya fumbo la tano kuliko kitubio. Kwa padre angalau mko wawili.

Ukimsikiliza vizuri, uligundua pia kwamba aliyekosana naye ndiye aliyetangulia kuombewa. Alikuwa na ugomvi wa miaka na mdogo wake, ugomvi ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa chanzo chake, na jina la huyo mdogo wake ndilo lililofungua rozari karibu kila jioni. Nilimuuliza kwa nini amwanze yeye wakati hata salamu hawapeani. Akanijibu, "Mke mwenzangu, nikimwacha mwisho nitasinzia kabla sijamfikia, na shetani analijua hilo."

Hakuwa akizitumia hizo nia kusuta watu tu. Aliyetajwa leo, kesho aliulizwa amefikia wapi. Mjomba alikwenda kumwona yule ndugu.

Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza mafumbo ya mwanga kwenye rozari. Bibi alikuwa ameishi na mafumbo 15 tangu utotoni, matano ya furaha, matano ya uchungu na matano ya utukufu, kila siku na yake, na Alhamisi ilikuwa ya furaha. Sasa Alhamisi ikawa ya mwanga, furaha ikahamia Jumamosi, na utukufu wa Jumamosi ukaondoka hapo. Aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa uzeeni kwamba kuna mtoto wa ukoo ambaye hakuwahi kutambulishwa kwake. Hakumkataa, ila hakukubali mtoto mwingine ahame kumpisha. Kwa hiyo nyumbani kwetu Alhamisi zilisaliwa rozari mbili, na Jumamosi mbili. Rozari ya mafumbo matano ina Salamu Maria 53 ukihesabu zile tatu za mwanzo. Zidisha mara mbili, weka litania, halafu weka nia za Bibi. Binamu zangu walianza kuwa na masomo ya ziada siku za Alhamisi.

Hata hivyo, katika hayo mapya lilikuwemo moja alilolipenda kuliko yote, la harusi ya Kana. Alisema Maria aliona divai imekwisha kabla wanaume wote waliokuwa pale hawajaona, na hakwenda kumwaibisha mwenye harusi, alikwenda kwa anayeweza kurekebisha. Nilimheshimu mno kumwambia kwamba yeye angewatangazia wageni kwanza.

Kuna jambo la kufunga kabla ya komunyo pia. Alipopokea komunyo ya kwanza, sheria ilikuwa kutoonja kitu tangu usiku wa manane, hata maji. Papa Pio XII aliyaruhusu maji mwaka 1953, na mwaka 1957 akapunguza kufunga chakula kuwa muda wa saa tatu. Paulo VI akaufikisha kwenye saa moja tu mwaka 1964. Mapapa walilegeza, Bibi hakulegeza. Alifunga tangu usiku wa manane kwa miaka yote, na hakumwambia mtu mwingine afanye hivyo. Uzeeni akaandikiwa dawa za asubuhi zisizotaka tumbo tupu, na mama akaenda kumshtaki kwa padre. Padre, kijana aliyetoka kupewa upadre si muda mrefu, alimweleza kwamba wazee na wagonjwa, na hata wanaowauguza, wanaruhusiwa kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya hiyo saa moja.

"Sheria imeniruhusu, Padre. Haijanilazimisha."

"Basi mimi nakulazimisha, Bibi."

Alitii. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo jioni zetu hazikukosa nia ya kumwombea padre kijana, Mungu ampe hekima.

Mpako wa wagonjwa hakuuogopa kabisa, na hapo alitofautiana na wenzake wa rika lake. Wengi wao walikua wakiuita mpako wa mwisho, na padre akionekana na mafuta matakatifu mlangoni watu walianza kulia. Bibi alishaelewa kwamba ni sakramenti ya mgonjwa, na kwamba ugonjwa ukizidi hurudiwa. Aliiomba mwenyewe kila alipozidiwa, na kila mara alipopata nafuu aliamka akitafuta kosa la mtu.

Upole ninaoweza kuushuhudia ni mmoja, na alimwonyesha Mjomba mdogo, yule aliyeacha kanisa. Huyu hakutajwa kwenye nia hata siku moja, angalau si kwa sauti. Mama na dada zake walimhubiria mpaka akawa hapokei simu zao. Bibi alimwomba kitu kimoja tu, ampeleke Misa ya kwanza kila Jumapili na amrudishe. Akawa anampeleka, anamsubiri nje ya kanisa mpaka Misa iishe, wanarudi. Hakuwahi kumwambia ingia. Siku ya mazishi Mjomba aliniambia kwamba nyimbo zote za mwaka mzima wa liturujia anazijua, za Kwaresima mpaka za Majilio, na kwamba hakuna mwingine katika familia aliyemwachia sehemu yake ya kusimama.

Hilo hakuna aliyelisema kwenye wasifu. Walisoma tarehe, idadi ya watoto na wajukuu, vyama vya kitume alivyokuwamo. Ni kweli yote.

Siku za kwanza baada ya mazishi Mama Mkubwa ndiye aliyeongoza rozari, na nia zikawa za adabu kweli. Tuziombee familia zote. Tuwaombee wagonjwa wote. Tuuombee ulimwengu amani. Hakuna aliyeangalia sakafu, na watoto wakaanza kuchezea simu zao chini ya kanga. Tulipomaliza fumbo la tatu, Mjomba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, akasema, "Hizo nia gani ambazo hazina mtu ndani?"

Kimya. Mama Mkubwa akageuza shanga mkononi, akakohoa. "Fumbo la nne tumwombee mtu anayekosoa sala za wenzake akiwa amesimama mlangoni."

Tulicheka mpaka mama akalazimika kutunyamazisha. Mjomba hakuingia. Alisema kwamba na yeye anayo nia ya fumbo la tano, inamhusu Mama Mkubwa na deni fulani la zamani, na wakaanza kubishana kama mtu asiyesali ana haki ya kutoa nia.