Bahari ya Setilaiti Juu ya Tanga Kuukuu: Uzoefu Wangu Lamu

Nilipoamua kuwaonyesha watu wa Lamu bahari yao kama inavyoonekana kutoka angani, nilidhani ugumu ungekuwa katika kupata takwimu. Kumbe hizo hutolewa bure na NASA na mpango wa Copernicus wa Ulaya. Setilaiti ya Aqua ya NASA, kwa mfano, ilianza kupima bahari mwaka 2002. Nilichagua klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea midogo mno inayoelea majini na ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki. Nilipakua picha za mwaka mzima, nikatundika tanga kuukuu la jahazi ukutani karibu na gati, nikaelekeza projekta juu yake, na mbele yake nikafunga gurudumu la mbao lililounganishwa na kompyuta ndogo: mtu akilizungusha kulia siku zinasonga mbele, akilizungusha kushoto zinarudi nyuma.

Jioni ya kwanza watoto walilifurahia, lakini watu wazima walipita tu. Penye klorofili nyingi nilikuwa nimepatia rangi nyekundu, na mama mmoja akaniuliza kwa wasiwasi kama hayo ni mafuta yaliyomwagika. Usiku huohuo nilibadilisha rangi zote, kijani iwe ya maji yenye chakula na buluu ya maji matupu, na majina ya miezi nikayaondoa, nikaandika misimu ya pepo: Kaskazi, Kusi na tangambili, yaani kipindi cha kati ya pepo hizo mbili. Kesho yake, gurudumu lilipofika katikati ya Kusi, ukanda wa kijani ulijitokeza kwenye pwani ya Somalia, ambako upepo huo huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu na kuyaacha maji baridi yenye rutuba yapande kutoka chini. Mabaharia waliowahi kufika huko waliutambua kabla sijafungua mdomo.

Jioni ya tatu nahodha mmoja mzee alilisimamisha gurudumu kwenye siku aliyoikumbuka vyema. “Mwanangu, siku hii mvua ilitukuta nje, hata Kisiwa cha Manda hapo jirani hatukukiona. Hicho chombo chenu kiliona kwa jicho gani?”

Aliuliza palepale penye kosa langu. Setilaiti hii hupima mwanga wa jua unaorudi kutoka majini, hivyo penye wingu haiambulii kitu. Nami, kwa kuogopa picha zenye matundu, nilikuwa nimeyaziba kwa makadirio. Nikamjibu, “Hakikuona, mzee wangu. Nimejazia mimi.”

Niliyafuta makadirio yote. Penye wingu projekta haikutoa mwanga, likabaki tanga lenyewe na viraka vyake. Kando ya gurudumu niliweka kopo la vipande vya mkaa, nikawaomba wavuvi waandike kwenye mianya hiyo walichokiona wenyewe, kila mmoja na tarehe yake, maana mkaa haufutiki siku zinapobadilika. Jodari, wakaandika, mkondo mkali, maji baridi. Nahodha ndiye aliyetangulia. Chini ya tarehe yake aliandika, “Mvua. Changu wawili.”