Kwaya ndani ya mawe ya All Saints

Jumamosi beshte yangu alinivuta twende konsati ya kwaya pale All Saints, ile kathedrali ya mawe karibu na Uhuru Park hapa Nairobi, na mimi miaka yote hii naipitanga tu na matatu nikienda tao bila hata kuiangalia vizuri. Jiwe la msingi liliwekwa 1917, ramani ilichorwa na Mwingereza anaitwa Temple Moore, kazi ikaisha 1952, yaani mwenye ramani alikuwa ashakufa kitambo (na mimi hulia fundi wangu amechelewa wiki mbili).

Nikakaa nyuma ya nguzo. Kosa kubwa. Unaona nusu ya kwaya tu, lakini sauti aki! Dari iko juu sana hadi wakinyamaza ile noti ya mwisho bado inaelea huko, na kinanda cha mabomba kikishuka kwa besi unaiskia kwa benchi, kwa mgongo kabisa. Spika za nini sasa?

Humu humu ndio polisi waliingia wakapiga watu Saba Saba ya 1997, ile siku ya maandamano ya kudai mageuzi. Hiyo ilinijia katikati ya wimbo wa taratibu, nikashindwa kupiga makofi na wenzangu.

Benchi ni ngumu lakini, beba kitu ya kukalia.