Gari lile lile, bili nyingine

Leo nimekamilisha usajili wa gari baada ya kuhamia jimbo jingine, na bado naikodolea macho risiti. Gari ni lile lile, na mikwaruzo ile ile kwenye bampa, ila ada imekaribia mara mbili! Nikamuuliza karani kama hajakosea. Akanigeuzia skrini: kule nilikotoka wanatoza kwa uzito, huku wanaangalia thamani na umri. Basi gari jepesi ambalo bado jipya jipya, kama langu, ndilo linaloumia. Jirani yangu mwenye pikapu kuukuu, zito kama kifaru, kalipa kiduchu.

Kumbe si sisi tu. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na mengi huongeza ada ya mwaka kwa magari ya umeme kwa kuwa hayachangii kodi ya mafuta. Ufaransa nako, halmashauri za mikoa ndizo zinazopanga bei ya kila "farasi" wa kodi, yaani kipimo cha nguvu ya injini kinachotumika kukokotoa ada.

Vibao vya namba vimelipiwa kivyake (hilo hakuna aliyenidokeza). Kufungua vile vya zamani, skrubu moja ilishika kutu, kidole kikachubuka.